HABARI ISIYO NA MWENYEWE

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yamepigwa chapa kwa ajili ya jamaa waliokimbia vita, jamaa wanaowapokea, na wakuu wa mahali. Kindu, Maniema.

Wasikilizaji wapenzi, nawe unayesoma maneno haya kwenye karatasi kwa sababu redio yako imeishiwa na mawe, pokeeni salamu za amani. Nawasalimu ninyi wa Kasuku na wa Mikelenge, nanyi mlio ng'ambo ya mto huko Alunguli. Nawasalimu mama na baba mliofika Kindu na mzigo kichwani, mkiwa mmeacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee. Nawasalimu wenye nyumba mliowapokea, mnaogawana nao ugali na sombe ijapokuwa sufuria ni ile ile ya zamani. Nawasalimu wakuu wa kata, wakuu wa avenyu, wakuu wa vijiji, mashehe, mapadri na wachungaji.

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kilicho katika mfuko wa vijana wetu, na pengine katika mfuko wako pia. Ni telefone, na habari zinazopita ndani yake usiku na mchana. Sitasema telefone ni mbaya. Kwa telefone wengi wenu mlijua kwamba mtoto aliyepotea njiani yu hai. Kwa telefone ndugu aliye Lubumbashi au Kinshasa hutuma feza ya chakula. Lakini kitu hiki kimebadili njia ya habari, na njia ya habari ikibadilika, njia ya vita hubadilika na njia ya amani pia. Basi tutazame pamoja.

1. Jambo lililotokea hapa kwetu

Nianze na jambo la zamani, lililotokea katika mji huu huu. Mwezi wa Novemba 1961 ndege 2 za Umoja wa Mataifa zilitua Kindu. Ndani yake walikuwamo askari wa anga Waitalia 13. Hawakuja kupigana. Walileta vyakula na vitu vya matumizi kwa askari wa Malaya waliokuwa hapa kwa kazi ya Umoja wa Mataifa. Lakini nyakati zile Katanga ilikuwa imejitenga, na askari wa kukodishwa, wazungu, walikuwa wakiipigania. Watu waliwaona wazungu hawa, na neno likatoka: ni Wabelgiji, ni watu wa Katanga, wamekuja kutushambulia.

Neno lile halikuwa la kweli. Lakini askari waliolishika hawakungoja kuuliza. Waitalia wote 13 waliuawa. Mwaka 1962 miili yao ilirudishwa kwao, na mpaka leo huko Italia jina la Kindu linakumbukwa kwa msiba ule. Watu wengi wa nchi ile hawajui kwamba hapa kuna mto mzuri, mpunga mwingi na watu wakarimu. Wanajua jambo moja tu juu yetu, na jambo hilo lilizaliwa na uvumi wa siku moja.

Kwa nini ninawakumbusha? Kwa sababu mwaka 1961 hapakuwa na telefone mkononi mwa mtu. Uongo ulikwenda kwa miguu, ukaua. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba telefone ndiyo iliyozaa uvumi. Uvumi ni mzee kuliko sisi sote. Inatupasa kuuliza swali lingine: uvumi uliokuwa ukienda kwa miguu, sasa umepewa mabawa. Je, sisi tumepewa nini cha kuukamata?

2. Ni nini kilichobadilika

Kumbukeni jinsi habari ilivyofika zamani. Mfanyabiashara alitoka Kasongo akisukuma baiskeli yenye mafuta ya mawese. Alifika amechoka, akaketi, akapewa maji, akasema: njiani nimeona hivi na hivi. Ulimwona uso. Ungeweza kumwuliza: wewe mwenyewe uliona, au uliambiwa? Ilikuwa siku gani? Walikuwa wangapi? Kama alisema uongo, ulijua nyumba ya wajomba zake, na safari ya pili alipopita angeona haya. Vilevile abiria wa treni, vilevile mwenye mtumbwi aliyepanda kutoka Ubundu. Habari ilikuja na mwenyewe.

Hata redio ilikuwa hivyo. Redio moja, masikio ishirini. Watu walikaa pamoja saa ya habari, wakasikia maneno yale yale, kisha wakabishana. Mwenye kusema redioni alitaja jina lake.

Sasa habari huja bila mwenyewe. Sauti inatoka katika telefone: “Ndugu zangu, usiku wa leo watatuingilia, pitisheni ujumbe huu kwa kila mtu.” Ni sauti ya nani? Hajasema. Yuko wapi? Hajasema. Na “leo” ni leo ya siku gani? Sikilizeni vizuri hapo. Sauti ile pengine ilisemwa miezi 8 iliyopita, mahali pengine, juu ya jambo lingine. Lakini kila mtu anayeifungua anasikia “leo”. Katika telefone neno “leo” halizeeki. Kila asubuhi linazaliwa upya, na kila asubuhi linaogopesha watu wapya.

Jambo la pili ni mwendo wake. Mwaka 2018 wataalamu 3 wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani walitoa uchunguzi katika jarida linaloitwa Science. Walikuwa wametazama habari zipatazo 126,000 zilizopita katika Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Waliona kwamba ili kufikia watu 1,500, habari ya kweli ilihitaji muda mara 6 kuliko habari ya uongo. Nao walitafuta ni nani anayeukimbiza uongo namna ile. Wengine walidhani ni mashine. Kumbe ni watu, watu kama mimi na wewe, kwa sababu uongo huwa na ladha ya jambo jipya, na jambo jipya huwasha ulimi.

Jambo la tatu ni lile linalovuta macho yetu. Makampuni yenye mitandao hii hupata feza kwa muda tunaoutumia tukitazama. Mwaka 2021 mfanyakazi wa zamani wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nje karatasi za ndani za kampuni. Zilionyesha kwamba kuanzia mwaka 2017 alama ndogo za hisia ambazo watu hubonyeza, pamoja na ile ya uso wenye hasira, zilihesabiwa mara 5 kuliko alama ya kawaida ya kupenda. Maana yake ni kwamba neno lililowakasirisha watu lilisukumwa mbele, lionekane na wengi zaidi. Baadaye kampuni ilipunguza jambo hilo. Lakini sisi tujifunze: kitu kinachoonekana sana katika telefone si lazima kiwe kikubwa, wala si lazima kiwe cha kweli. Pengine kimepanda juu kwa sababu kinachoma moyo.

3. Picha ya Sange

Tarehe 2 Julai 2010 lori lenye mafuta lilianguka katika mji mdogo wa Sange, kwenye bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini. Mafuta yalimwagika, watu wakakaribia, moto ukawaka. Wengine walikuwa wamekaa katika vibanda vya picha wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, moto ukawakuta pale. Watu zaidi ya 200 walikufa. Baadhi yenu mmetoka pande zile. Mnajua misiba ile, pengine mmezika ndugu.

Sasa sikieni yaliyofuata. Picha ya maiti za Sange ilichukuliwa, ikatiwa katika mitandao, na chini yake yakaandikwa maneno mengine kabisa: kwamba hao ni Wakristo wa Nigeria waliochomwa moto na Waislamu. Kwa miaka mingi picha hiyo ilipita nchi kwa nchi. Watu waliilia, watu waliapa kulipiza kisasi. Wachunguzi wa habari waliisahihisha mara nyingi, nayo ikarudi tena.

Tazameni ubaya wake. Picha ni ya kweli. Maiti ni za kweli. Uongo ni maneno mawili matatu yaliyowekwa chini. Wafu wetu, waliokufa kwa ajali ya lori, wakageuzwa kuwa kuni za kuwasha moto kati ya dini mbili katika nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Na hapa Maniema, ambapo Mwislamu na Mkristo hula sahani moja, huoana na kuzikana, picha kama hiyo ingeweza kufika katika telefone ya kijana wako kesho asubuhi. Atajuaje kwamba ni Sange?

Hivyo ukiambiwa “kuna picha, basi ni kweli,” jibu: picha ni ya nini, ya wapi, ya siku gani, na ni nani aliyeipiga? Picha ni kama mtoto aliyeokotwa barabarani. Ana uso, lakini hawezi kukuambia jina la baba yake. Usimpe jina la uongo.

4. Kutoka Bunagana mpaka Kalima

Nafika sasa mahali penye uzito, nami nitasema polepole.

Tarehe 13 Juni 2022 mji wa Bunagana, kwenye mpaka na Uganda, uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Habari ilienea nchini kote siku ile ile. Watu waliumia moyo, na walikuwa na haki ya kuumia. Lakini pamoja na habari ya vita, maneno mengine yalianza kupita katika telefone: maneno ya kuhesabu watu kwa sura, kwa urefu, kwa pua, kwa lugha ya mama. Mwezi huo huo wakuu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walionya kwamba maneno ya chuki yalikuwa yakienea katika Kongo.

Tarehe 18 Juni, siku 5 tu baadaye, huko Kalima, wilaya ya Pangi, hapa hapa katika jimbo letu, kundi la watu lilimwua mtu aliyesemwa kuwa ni Munyamulenge, kisha wakamchoma.

Kutoka Bunagana mpaka Kalima ni zaidi ya kilometa 300, hata ukipita kama ndege. Kwa barabara zetu, ninyi mnazijua, ni safari ya siku nyingi. Hakuna askari wa vita ile aliyekuwa amefika Kalima. Bunduki ya Bunagana haikusikika Kalima. Lakini hasira ilifika. Zamani vita ilikuja na askari, na watu walipata muda wa kuisikia ikikaribia. Siku hizi hasira ya vita hutangulia mbali, inaingia katika kijiji chenye amani, inamtafuta jirani.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wengine hutumia methali hii kutetea uvumi. Mimi naisikia kama onyo. Tukisema kila siku kwamba jirani fulani ni adui, mwisho tutamfanya adui, au tutafanya maovu ambayo maadui huyafanya. Uongo ukisemwa na wengi hujitengenezea ukweli wake.

Nasi watu wa redio hatuna haki ya kunyosha kidole bila kujitazama. Katika Rwanda, mwaka 1993 na 1994, redio iliyoitwa RTLM iliwafundisha watu kuwachukia jirani zao, kisha ikasaidia kuwawinda. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu watu 3 wa vyombo vya habari kwa maneno yao. Hawakuhitaji kushika panga. Yule anayepitisha ujumbe wa chuki na kusema “mimi sikuandika, nimepitisha tu,” na akumbuke hukumu ile. Katika nchi yetu pia sheria iko: ile ya tarehe 7 Juni 1966 inayokataza ubaguzi wa rangi na wa kabila, na ile ya mwaka 2023 juu ya mambo ya kompyuta na mitandao, ambayo inaadhibu maneno ya chuki na uvumi wa uongo.

5. Neno kwa wale waliookoka kwa kukimbia

Najua kuna mama anayenisikiliza akitikisa kichwa. Anasema: “Wewe wa redio unasema tungoje hakika. Mimi niliokoka kwa sababu sikungoja. Jirani alisema wanakuja, nikawabeba watoto usiku ule. Waliongoja hawapo.”

Mama, unasema kweli, nami nisingethubutu kukufundisha kitu ambacho ulikilipia kwa nyumba yako. Uvumi si uongo wakati wote. Mara nyingine ni habari ya kweli iliyofika kabla ya wakubwa kuwa tayari kuisema. Kwa hiyo tutenganishe mambo matatu, kwa maana mambo haya matatu hayana bei moja.

La kwanza ni kujiponya. Ukisikia hatari, na moyo wako unakuambia ondoa watoto, waondoe. Ukikosea, umepoteza usingizi wa usiku mmoja. Hakuna atakayekuhukumu.

La pili ni kupitisha. Hapa ukikosea, hukosi peke yako. Unaondoa kata nzima usiku, watoto wanapotezana, mtumbwi unajazwa kupita kiasi pale kivukoni, wezi wanaingia katika nyumba zilizoachwa wazi. Basi ukipitisha, pitisha kama shahidi: sema jina lako, sema uliyoyaona kwa macho, sema mahali na saa. Kile usichokiona, sema hukukiona.

La tatu ni kuinua mkono juu ya mtu. Hapa ukikosea, hakuna kurudi nyuma. Waitalia 13 hawakurudi. Yule wa Kalima hakurudi. Hakuna ujumbe wa telefone, hata ungekuwa na picha na sauti, unaokupa ruhusa ya kumpiga mtu, kumchomea nyumba au kumfukuza mtoto wake shuleni. Kukimbia kwa sababu ya uvumi ni haki yako. Kuua kwa sababu ya uvumi si haki ya mtu yeyote.

Hiki ndicho kipimo ninachowaachia. Ujumbe unaokuambia “jihadhari, njia fulani imefungwa” na ujumbe unaokuambia “watu wa kabila fulani ndio hao, washikeni” haufanani, hata kama umetoka katika telefone moja. Wa kwanza uchunguze haraka. Wa pili ufie hapo hapo mkononi mwako.

6. Macho ya watu ni kama mwanga wa tochi

Kuna uchungu mwingine ambao telefone imeleta, na wakimbizi wa ndani mnaujua kuliko mimi. Ni uchungu wa kusahauliwa haraka.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Siku zile dunia nzima ilitazama. Kila telefone ilikuwa na picha za barabara zilizojaa watu. Kisha macho yakahamia vita nyingine, uchaguzi mwingine, mpira. Lakini watu hawakuhama katika shida yao. Mwanzoni mwa mwaka ule Kongo ilikuwa na wakimbizi wa ndani zaidi ya milioni 7. Wengi wao hawakupigwa picha hata moja. Mtu aliyekimbia kutoka kijiji cha Kabambare, ambapo mtandao haufiki, analala na njaa ile ile, lakini hakuna anayebonyeza alama kwa ajili yake.

Macho ya mitandao ni kama tochi gizani. Panapopigwa mwanga panaonekana sana, lakini nyumba ya jirani inabaki gizani, na mwenye tochi hakai mahali. Hatari yake ni mbili. Kwanza, watoa msaada na wakubwa hushawishika kufuata mwanga na kusahau giza. Pili, sisi wenyewe tunajaribiwa kuongeza chumvi, tukisema waliokufa ni 100 kumbe ni 10, au kuonyesha maiti na wanawake walioumizwa, ili tochi igeuke upande wetu. Msifanye hivyo. Siku idadi ya uongo ikijulikana, hata wale 10 wa kweli hawataaminiwa. Na yule mama katika picha ana jina, ana wakwe, ana watoto watakaokua na kuiona picha ile.

Silaha ya mtu asiyepigwa mwanga ni daftari. Andikeni. Jamaa ngapi wamefika, kutoka kijiji gani, siku gani, watoto wangapi, wagonjwa wangapi. Picha hukaa mbele ya macho siku 2. Daftari iliyoandikwa vizuri, yenye sahihi ya mkuu, hukaa mezani miaka, na mwenye madaraka hawezi kusema hakuambiwa. Lakini daftari hiyo iwekwe kwa mtu mwaminifu. Msitie orodha ya majina na mahali watu wanapolala katika kundi la WhatsApp. Mwenye nia mbaya pia anasoma.

7. Kwa wakuu wa mahali

Wakuu wapendwa, nawaomba mambo manne.

Kwanza, msinyamaze. Mahali mkuu asiposema, uvumi hukalia kiti chake. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi yetu kwa muda wa majuma karibu 3. Je, watu waliacha kusemezana? Kiu ya habari haiishi kwa kufunga kisima. Watu hunywa maji ya shimoni.

Pili, jifunzeni kusema “bado sijui.” Neno hili halimvunjii mkuu heshima. Sema: “Nimesikia kama ninyi. Bado sijui. Nimemtuma mtu. Saa 10 nitakuwa hapa chini ya mti, nitawaambia.” Kisha saa 10 uwe hapo, hata kama huna jipya. Mtu anayejua kwamba saa 10 atapata jibu haoni sababu ya kuchukua panga saa 8.

Tatu, msiseme “hakuna tatizo” wakati tatizo lipo. Mkificha hatari mara moja ili watu watulie, mara ya pili mkisema kweli hawatawasikia. Mtakuwa mmeiuza sauti yenu kwa bei ya siku moja.

Nne, jengeni mnyororo wa watu, kabla ya shida. Mkuu wa Alunguli awe na namba ya mkuu wa Kasuku. Mkuu wa Pangi awe na namba ya mkuu wa Kailo. Kati ya wakimbizi wachagueni mama mmoja na mzee mmoja wanaoaminiwa na wenzao, na kati ya wenye nyumba vilevile. Waendesha pikipiki wasisahauliwe, kwa maana wao huona barabara kila siku. Uvumi ukitokea, kila mmoja aulize aliye karibu na mahali penyewe, si aliye na sauti kubwa. Tena muwe na daftari ya uvumi: siku, neno lililosemwa, aliyelileta, na mwisho wake ulikuwa nini. Baada ya miezi michache mtaona wenyewe ni maneno gani hurudi kila mara, nanyi mtayatambua kabla hayajawasha moto.

8. Kwa kila jamaa

Nanyi baba, mama na vijana, ujumbe ukifika, kabla ya kidole kubonyeza, ulizeni maswali matatu. Nani ameona? Wapi, na siku gani? Nani atajibu kama ni uongo? Ikiwa hakuna anayeweza kujibu, habari hiyo haina mwenyewe. Usiipe miguu.

Tazameni pia alama. Katika WhatsApp ujumbe wenye mishale miwili juu yake umekwisha kupita mikono mingi. Kampuni yenyewe, baada ya watu kuuawa huko India mwaka 2018 kwa uvumi wa wezi wa watoto, ilipunguza njia: tangu 2019 huwezi kupitisha ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi 5 mara moja, na tangu 2020 ule wenye mishale miwili unapitishwa kwa mmoja mmoja tu. Mishale ile miwili ni kama vumbi kwenye viatu vya mgeni. Inakuambia ametoka mbali. Mwulize vizuri.

Ujumbe unaosema “jiandikishe hapa upate msaada, weka jina na namba yako,” upelekeni kwanza kwa mkuu au kwa watu wa shirika wenyewe. Wezi wa siku hizi hawavunji mlango.

Na ukikosea, ukipitisha neno lisilo la kweli, rudi pale pale ulipolisema, useme: “Lile nililowaambia si kweli, nisameheni.” Watu wengi huona haya kufanya hivyo. Lakini kijana anayesahihisha kosa lake mbele ya kundi lake huwafundisha wenzake kuliko mahubiri yangu yote.

Wapenzi wasikilizaji, mto wetu Lualaba una maji mengi, nao hauwezi kusimamishwa na mtu. Habari za telefone nazo ni hivyo. Hatuwezi kuziba mto. Lakini hata mto mkubwa huvukwa, na pale kivukoni husimama mtu anayejua maji, anayesema: mtumbwi huu umejaa, ngojeni wa pili. Kila mmoja wetu asimame kivukoni pake. Ulimi hauna mfupa, na siku hizi kidole nacho kimekosa mfupa. Tuwape mfupa.

Amani iwe nanyi, na katika nyumba mlizozikimbia, mpaka siku ya kurudi.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Ni uvumi gani uliowahi kuwakimbiza ninyi au jirani zenu? Mwisho wake ulikuwa nini?
2. Katika avenyu yenu, nani anaaminiwa na wakimbizi na wenye nyumba pia? Ana namba ya nani ng'ambo ya mto?
3. Kijana wenu akipokea picha ya mauaji yenye jina la kabila au la dini, atafanya nini? Mwulizeni leo, kabla haijafika.
4. Ni jamaa gani waliofika karibuni ambao hawajaandikwa katika daftari yoyote?